Mizani Kwanza, Ngumi Baadaye

Katika kazi yangu ya kufundisha isimu nimeandika kwa wino mwekundu maneno mengi ambayo leo nisingependa kuyasoma. Mojawapo ni hili: "Hujajitahidi." Niliandika hivyo muhula uliopita juu ya karatasi ya kijana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye uchanganuzi wake wa viambishi vya kitenzi ulikuwa umekatika katikati kama kamba mbovu. Kijana hakulalamika. Alikuja ofisini, akasimama mlangoni kwa adabu, akasema, "Daktari, ukipata nafasi siku ya Jumamosi, ningependa uje uone mahali ninaposhinda jioni."

Nikaenda. Mahali penyewe ni ukumbi wa jamii katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, wenye paa la mabati lililotoboka na sakafu ya saruji iliyopasuka. Nilikuta watoto wapatao arobaini, wasichana kwa wavulana, na jozi saba za glavu. Wengine waliruka kamba, wengine walipigana na vivuli vyao ukutani, na wengine walingoja zamu mbele ya gunia la mchanga lililoshonwa na kushonwa tena kwa uzi wa viatu. Ulingo ulikuwa ni kamba nne zilizofungwa kwenye nguzo, na chini yake magodoro makuukuu yaliyofunikwa turubai.

Mtu wa lugha hawezi kulipita neno hili "ulingo" bila kusita. Kabla ya kupewa mabondia, neno hili lilikuwa la wakulima. Ulingo ni lile jukwaa la miti linalojengwa shambani, ambako mtu, aghalabu mtoto, hupanda akakaa kutwa akiamia ndege wasile nafaka. Sijui ni mtangazaji au mwandishi gani aliyelihamisha neno kutoka shambani, lakini namvulia kofia. Mtoto aliye ulingoni, huko na huku, yuko peke yake, yuko juu mbele ya macho ya watu, na akisinzia kidogo tu mavuno yameliwa.

Kilichonivutia zaidi ya ulingo huo, hata hivyo, ni mizani iliyowekwa karibu na mlango. Ilikuwa mizani ya zamani, ya aina ile inayopimia magunia ya mahindi ghalani. Kila mtoto aliyeingia alivua viatu, akapanda, na mkufunzi, mzee mwenye pua iliyovunjika zamani, akaandika kilo na tarehe katika daftari. Hakuna aliyegusa glavu kabla ya kuandikwa. Nilipomuuliza, kwa udadisi wa mgeni asiyejua, ni yupi kati ya watoto wake aliye mnyonge kuliko wote, alinitazama kana kwamba nimemtusi. "Mwalimu," akasema, "mimi hapa sina mnyonge. Nina wa kilo thelathini na nane, na nina wa kilo arobaini na sita. Hao hawakutani."

Jibu hilo limenikaa kichwani hata sasa, maana limenifanya nilitazame upya neno nililolitumia. Waingereza wana neno lao kwa mshindani asiyetarajiwa kushinda, nalo limetokana na mapigano ya mbwa: ni mbwa wa chini, yule aliyekwisha kulaliwa na mwenziwe. Neno hilo, pamoja na ukali wake, limebakiza tumaini, kwa kuwa mbwa aliye chini bado anapigana. Sisi tuna mnyonge, dhaifu, fukara, hohehahe. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomsimamisha mtu ulingoni. Methali yetu inasema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," ikicheza kwa ustadi na mlio wa maneno mawili ambayo sidai kamwe kwamba asili yake ni moja. Hata katika methali hiyo mnyonge hatendi lolote. Anatendewa: kwanza ananyongwa, kisha anapewa. Kisarufi ni yambwa, wala si kiima.

Basi tunaposoma katika kurasa za michezo kwamba mnyonge fulani amemwangusha bingwa, tunapaswa kujiuliza ni unyonge gani huo unaozungumzwa. Chukua mfano unaojulikana na kila mpenzi wa ndondi. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali, mwenye umri wa miaka 32, alipanda ulingoni kukabiliana na George Foreman, aliyekuwa na miaka 25 na sifa ya kuwaangusha watu mapema. Wajuzi wengi walimhurumia Ali. Katika raundi ya nane Foreman alikuwa chini. Walioushabikia ushindi huo kwa sauti ya "Ali, boma ye!" walikuwa wakisema Kilingala, "Ali, muue!", na huku kwetu, ambako boma ni ua wa nyumba au wa mifugo, kumekuwa na watu wazima walioimba maneno hayo kwa miaka mingi bila kujua kwamba wanaamuru mauaji. Lakini hilo ni la kando. La msingi ni kwamba kwa pambano hilo Ali alipimwa akapatikana na kilo 98 na ushei, na Foreman karibu kilo 100. Ali alikuwa amezidiwa umri na hofu ya watu. Uzani hakuwa amezidiwa. Ujanja wake wa kuegemea kamba na kumwacha mwenzake ajichoshe ungemfaa nini mbele ya mtu aliyemzidi kilo thelathini?

Hii ndiyo hekima ya mchezo huu ambayo wasioupenda hawaioni. Kanuni zilizotangazwa Uingereza mwaka 1867 kwa jina la Mtemi wa Queensberry zilileta glavu, raundi za dakika tatu na pumziko la dakika moja. Utaratibu wa kuwagawa mabondia kwa uzani ulipokwisha kukomaa nao, ndipo ikawezekana mtu mwembamba kutoka mtaa usio na jina kuwa bingwa wa dunia bila kungoja muujiza. Ndondi hazikuwaambia watu wembamba wawe na moyo mkuu, kisha zikawaachia majitu. Ziliwapima kwanza.

Historia yetu wenyewe inathibitisha. Philip Waruinge, aliyetoka Nakuru, alipigana katika uzani wa unyoya. Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alitolewa katika nusu fainali na mwenyeji, Antonio Roldán, akarudi na shaba. Walakini lilipotolewa Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika michezo hiyo, lilikwenda kwa Waruinge, mwenye shaba, huku wenye dhahabu wakitazama. Mwaka 1972 kule Munich alifika fainali akapata fedha. Robert Wangila alikwenda Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 21, akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta. Na Boudouani huyo hakuwa wa kubezwa, kwani baadaye alitwaa ubingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyeleta nyumbani dhahabu ya Olimpiki kwa ngumi.

Najua wapo watakaoninyoshea kidole na kuniuliza mbona sikuimaliza hadithi ya Wangila. Nitaimalizia. Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigwa katika pambano la kulipwa, akazimia baada ya pambano kusimamishwa, akafariki akiwa na miaka 26. Mzazi anayemkataza mwanawe ndondi kwa sababu hiyo hana upumbavu wowote, na mimi mwenyewe sina hakika kama ningemruhusu wangu. Mkufunzi wa ukumbi ule alinieleza, bila kuulizwa, kwamba mtoto aliyepigwa kichwani hapandi tena ulingoni mwezi mzima, hata alie machozi ya damu. Ni kanuni yake mwenyewe. Daktari hana, gari la wagonjwa hana, na kofia za kinga anazo nne.

Hapo ndipo ninapogombana na sifa tunazowamwagia watoto hawa. Msichana wa mtaa wa mabanda akishinda mkanda, sisi waandishi na wahadhiri hujaza kurasa kwa kusifu ari yake, tukisimulia mabati yaliyovuja na glavu zilizotoboka kana kwamba ndizo zilizomfundisha kupiga. Elizabeth Andiego alipokwenda London mwaka 2012, bondia wa kwanza wa kike kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki, na Fatuma Zarika aliponyakua taji la dunia la WBC nchini Marekani mwaka 2016, tulishangilia sana. Baada ya kushangilia, ni nani aliyekwenda kuziba paa? Ari ya mnyonge imekuwa kisingizio cha kutomnunulia glavu. Tunaupenda unyonge wake kwa kuwa unatupa hadithi tamu, nao hautugharimu kitu.

Naomba radhi kwa wasomaji wangu walimu, maana sasa nawageukia, nami nikiwa miongoni mwao. Kwa miaka 38, tangu 1985 hadi 2023, watoto wa nchi hii walifanya mtihani wa KCPE. Karatasi moja, saa moja, nchi nzima. Mtoto wa shule yenye maktaba na basi alipandishwa ulingoni pamoja na mtoto aliyesomea chini ya mkuyu, na matokeo yakapangwa katika orodha moja, wa kwanza hadi wa mwisho. Serikali ilipopiga marufuku upangaji wa shule kwa nafasi mwaka 2014, wengi wetu tulilia kwamba ushindani umeuawa. Ushindani gani? Hakuna mwamuzi wa ndondi, hata mlevi, ambaye angeliruhusu pambano la aina hiyo. KCPE imekwisha, mtaala umebadilika, lakini mazoea hayafi kwa tangazo la gazeti rasmi. Bado tunamtazama mtoto aliyeanguka tukisema hakujitahidi, na yule mmoja kati ya elfu aliyetoka chini ya mkuyu akapata alama za juu tunamwita shujaa, tukimtumia kuwachapia wenzake mia tisa tisini na tisa.

Wapo watakaosema kwamba nataka mitihani ya kuhurumiana, maskini apewe swali rahisi na tajiri gumu. La hasha! Bondia wa unyoya hapewi ngumi za pamba. Anapigwa hasa, na anapiga hasa, raundi zilezile kwa kengele ileile. Ninachodai ni kwamba anayetoa hukumu ajue kwanza aliyemhukumu amebeba nini. Mwalimu mwenye wanafunzi sabini darasani ataniambia hana muda wa kumpima kila mmoja, naye atakuwa anasema kweli. Lakini mzee yule ana arobaini, ana kalamu moja na daftari la shilingi hamsini, na anawapima wote kabla jua halijatua.

Na yule kijana wangu? Nilidhani nimeitwa kutazama akipigana. Hakupigana. Alikuwa akiwafunga watoto bendeji mikononi, akiwafundisha kusimama, mguu wa kushoto mbele, kidevu chini. Ni mkufunzi aliyeniambia kwamba usiku kijana hulala papo hapo ukumbini, juu ya magodoro ya ulingo, akilinda vifaa, kwani vimekwisha kuibwa mara mbili. Ndipo husoma, baada ya watoto kuondoka, kwa taa ya simu hadi inapozima. Nikakumbuka kwamba uchanganuzi wake ulikatika katikati ya sentensi.

Alama yake sikuibadilisha. Viambishi alivikosea vile alivyoviandika, na ningemdanganya kama ningejifanya sivyo. Neno langu la wino mwekundu, hata hivyo, nililikata, nikamwita ofisini, tukaianza kazi upya kutoka pale ilipoishia taa. Nimemwomba pia mkutubi amruhusu kukaa maktaba hadi ifungwe, na tunatafuta, yeye na mimi na mkufunzi, mtu wa kupokezana naye ulinzi. Mpaka naandika haya hatujampata.

Jumamosi ile nilipokuwa nikiaga, palitokea zogo kidogo mlangoni. Mtoto wa miaka kama kumi alikuwa amepanda mizani kwa mara ya tatu. Alitaka kupambana na rafiki yake wa kilo arobaini, naye ana thelathini na nane, na hakuna maombi yaliyomlainisha mzee. Safari hii mizani ilisoma thelathini na tisa na kitu. Mkufunzi akamtazama usoni, akamtazama tumbo lililovimba kama ngoma, akatazama bomba la maji lililokuwa bado linadondoka uani, akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akalifunga daftari bila kuandika, akamwambia aende msalani halafu arudi.