Kufumba na Kufumbua Hakutoshi

Askari aliye kambini anapomwandikia mkewe kwa WhatsApp, maneno yake hayaendi wazi. Hufumbwa kwa ufunguo wa siri, na hayafumbuliwi ila kwa ufunguo huo. Kanuni itumikayo hapo ni AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kufanywa kiwango rasmi cha Serikali ya Marekani Novemba 2001. Kanuni ni njema; je, programu iliyoandikwa kuitekeleza nayo ni njema? Hilo ni swali jingine kabisa.

Ndani ya AES mna jedwali la tarakimu 256, ambamo kila baiti hubadilishwa kuwa nyingine. Tuseme mwandishi wa programu amekosea tarakimu moja. Katika mtindo uitwao CTR, kufumbua hufuata njia ileile ya kufumba. Hivyo kosa la mpelekaji hulingana na la mpokeaji, na ujumbe husomeka. Vituo viwili vyenye programu hiyo vitasikilizana kama ndugu, ilhali cha tatu, chenye programu sahihi, huenda kikapokea takataka.

Ndiyo maana kompyuta hupewa ufunguo na ujumbe ambao jibu lake limekwisha kuchapishwa, kisha majibu mawili hulinganishwa tarakimu kwa tarakimu. Lakini jaribio moja ni kidogo. Kwa ufunguo wa biti 128 jedwali husomwa mara 200 tu: 160 kwa ujumbe, 40 kwa ufunguo. Kwa hesabu hiyo, jaribio moja la nasibu litalikosa kosa hilo karibu mara 46 katika 100. Mlinzi gani ataitwa mwaminifu akilala karibu nusu ya zamu?

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeweka majaribio mengi, likiwamo la Monte Carlo. Jibu la kila hatua huwa ujumbe wa hatua ifuatayo. Kila baada ya hatua 1,000 ufunguo hubadilishwa, mpaka zitimie 100,000. Kosa likiingia njiani, yote yafuatayo huharibika. Kompyuta hufanya haya yenyewe kila programu inapoguswa, pasipo kuchoka wala kumwonea haya mkubwa.

Hata hivyo majaribio hayo hayaulizi ufunguo umetoka wapi. Mwaka 2008 ilibainika kuwa programu ya OpenSSL, kama ilivyotolewa na Debian tangu 2006, ilitunga funguo kutoka katika fungu dogo mno, takriban 32,000 kwa kila aina. Kufumba kulikuwa sahihi, lakini adui mwenye kompyuta ya kawaida aliweza kuzijaribu zote. Ilibidi wenye mashine hizo watupe funguo zao na kutunga nyingine.