Okidi Isitupwe, Itolewe Nje

Kila baada ya Mwaka Mpya wa Kichina, hapa Nansha tunaona okidi zikitupwa zikiwa na majani mabichi. Maua yamepukutika, basi. Sisi tunapinga: mmea haujafa.

Wanaobaki nao nao huudekeza. Maji kila siku, mbolea, dirisha limefungwa. Unatoa majani tu. Okidi hizi za sokoni, Phalaenopsis, zinataka ubaridi. Zikikaa wiki kadhaa penye nyuzi joto kati ya 18 na 25, hutoa kikonyo cha maua. Joto la Nansha hung'ang'ania hadi Oktoba, hivyo Novemba ndiyo nafasi yetu. Chungu kiwekwe roshani, penye mwanga usio wa jua kali, na maji yasubiri mizizi igeuke rangi ya fedha. Kikonyo huchukua kama miezi mitatu kuchanua. (Wakulima wa biashara huwahi sikukuu kwa kupoza mabanda yao kwa mashine.)

Wakulima wa vanila kule Kagera hawatashangaa: vanila nayo ni okidi, na huchanua vizuri ikishaonja kiangazi.

Anayehama bweni Juni asitupe chungu chake. Akilete klabuni, roshani yetu inatazama mashariki.