Ngege wa Kuoka kwa Ndimu

Wako wadhanio kwamba ndimu humponya samaki aliyechina. La, hasha. Ndimu huficha harufu. Uozo hubaki palepale. Kwa hiyo upishi huu huanzia sokoni: chagua ngege mwenye macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama irudiyo juu ibonyezwapo kwa kidole.

Ngege wa kilo 1 mpare magamba, mtoe matumbo, mwoshe, kisha mchanje mara 3 kila ubavu. Twanga punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi na kijiko kidogo cha chumvi. Changanya na mafuta vijiko 2, umpake hadi ndani ya machanjo. Tumboni tia majani ya giligilani. Ndimu mkamulie dakika 15 tu kabla ya kumwoka, kwani ukali wake ukizidi kukaa, nyama huwa ngumu na kavu.

Asiye na joko asikate tamaa. Tandika jani la mgomba sufuriani, mlaze samaki, funika, kisha palia makaa juu ya kifuniko, mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika 30 hivi, mchokoe karibu na uti wa mgongo: nyama ikiwa nyeupe na kuachana na mfupa, ameiva.

Mwenye zamu ya usiku apikiwe mapema, ale kabla ya kwenda lindoni. Pasipo jokofu, fungu lake lisimngoje mezani hadi alfajiri: samaki aliyepikwa asikae katika joto kupita saa 2.