MALI YA UMMA YATAKA JICHO

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twapenda kuupima usemi huo kwa maisha ya mtu mmoja wa India, Bwana J. R. D. Tata, aliyeanzisha shirika la ndege la taifa lake.

Bwana Tata alizaliwa Paris mwaka 1904, katika jamaa ya matajiri. Mwaka 1929 alipata hati ya urubani, ya kwanza kutolewa nchini India. Tarehe 15 Oktoba, 1932, aliendesha mwenyewe ndege ndogo ya injini moja, akapeleka barua kutoka Karachi hadi Bombay. Serikali ya kikoloni haikumpa ruzuku. Kampuni yake iliishi kwa ujira wa kuchukua barua. Mbegu hiyo ndogo ndiyo iliyochipua ikawa Air India. Nchi ilipokwisha kujitawala, tarehe 8 Juni, 1948, ndege ya shirika hilo iliruka kutoka Bombay kwenda London, na mwaka 1950 safari zake zikafika Nairobi.

Mwaka 1953 Serikali ya India iliyataifisha mashirika ya ndege. Bwana Tata alilipinga jambo hilo waziwazi. Hatumshangai mwenye mali kuitetea mali yake, wala hatuilaumu serikali kutaka njia za usafiri ziwe mikononi mwa umma. Linalotustaajabisha ni lililofuata. Alipoombwa awe Mwenyekiti wa shirika lile lile lililotoka mikononi mwake, alikubali, akalitumikia kwa miaka 25 bila mshahara. Kila aliposafiri aliandika aliyoyaona: chai isiyotofautika na kahawa, choo kisichosafishwa vema. Alipoikuta meza ya wafanyakazi ina vumbi, aliipangusa kwa mkono wake mwenyewe.

Mwezi Februari 1978 serikali ilimwondoa katika kiti hicho. Yeye alifariki mwaka 1993. Baadaye madeni yalilielemea shirika, fedha za wananchi zikamiminwa humo kuliokoa, hata mwezi Januari 2022 likauzwa na kurudi katika kampuni za Tata.

Wako watakaoshangilia na kusema: "Mwaona? Umma hauwezi kuendesha kitu." Twakataa. Katika miaka ile 25 shirika lilikuwa mali ya umma, na sifa zake zilienea duniani. Haki ya umma kumiliki mali haikuwa na kasoro. Kilichopungua ni jicho la kuitunza. Kutaifisha ni kazi ya siku moja na sheria moja. Kutunza ni kazi ya kila asubuhi.

Nasi huku hatuna sababu ya kuwacheka wengine. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946, lilikufa mwaka 1977 kwa madeni na ugomvi wa wenyewe wenye mali.

Basi, ndugu wafanyakazi na wanachama, hatuna budi kujiuliza kwa uaminifu. Mara ngapi tumesikia mtu akisema, "Acha, hiyo ni ya serikali," huku bomba likivuja na mashine ikiota kutu? Mara ngapi mkubwa amepanda chombo cha umma bila nauli, na karani akanyamaza kwa hofu? Meneja asiyejua hali ya choo cha abiria wake hajui hali ya shirika lake, hata mahesabu yakipambwa namna gani.

Tajiri yule hakuamini siasa ya kutaifisha, lakini aliitunza mali iliyotaifishwa. Itakuwa aibu kubwa ikiwa sisi tunaoiamini siasa hiyo tutashindwa na yeye katika utunzaji. Asiyekitunza chake leo asilie kesho kinapopigwa mnada.