Mwenye Nguvu Mpishe, Kisha Mpige Mtama

Nina kilo 51. Nimefundishwa ngumi miaka miwili, na nazipiga vizuri. Hata hivyo nawaomba wanaofundisha mabinti zetu kujilinda waache kuanza na ngumi.

Mwalimu wangu alituambia kidevu hakina misuli: ukikipata, hata jitu linalala. Nilimwamini mpaka usiku mmoja Mbagala, niliposhuka kwenye daladala na mwanamume aliyenizidi karibu mara mbili akaudaka mkono wangu. Hakusimama mbali tupimane ngumi. Alinishika. Nilimpiga usoni mara tatu kwa mkono uliobaki, akacheka, akanivuta. Ngumi inataka nafasi, na miguu iliyokanyaga imara. Anayeburutwa hana hata kimoja. Walioniokoa ni wauza mihogo, si mafunzo yangu.

Wapenzi wa ngumi hunitajia Keith Hackney. Ni kweli: Septemba 1994, katika mashindano ya UFC, ambayo enzi hizo hayakuwa na madaraja ya uzito, Mmarekani huyo wa kilo kama 90 alimshinda kwa kipigo Emmanuel Yarborough, mwenye zaidi ya kilo 250. Lakini hawamalizii hadithi: Hackney alivunjika mkono, hakuendelea na mashindano. Na huyo ni mwanamume wa kilo 90! Desemba mwaka huohuo, Royce Gracie, mwenye kilo kama 80, alipambana zaidi ya dakika 15 na Dan Severn, aliyemzidi kwa kilo 30 na ushei. Akiwa chini, mgongo sakafuni, alimkaba shingo kwa miguu mpaka Severn akasalimu amri.

Sisemi uzito si kitu. Judo, niliyojifunza baadaye, nayo ina madaraja ya uzito, na anayewaambia wasichana kwamba kukabana kunafuta kilo anawadanganya. Wala sisemi ulale barabarani ukitafuta kabali. Akija mwenzake, umekwisha. Nasema hivi: mkubwa huanza kwa kukamata, basi mdogo aanze kwa kujifunza kukamatwa. Ajue kuchomoa mkono upande wa kidole gumba cha aliyemshika, pale mshiko ulipo dhaifu. Ajue kuanguka bila kupiga kisogo, na kuinuka upesi. Na akivutwa, asishindane: amfuate anayemvuta, na mguu wa yule mtu ukiwa bado haujakanyaga vizuri, ampige mtama. Kisha akimbie.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakukataza kumwangusha akipita.

Mpwa wangu ana miaka 14. Juzi alinijia na glavu mpya: "Mama mdogo, nifundishe ngumi."

Nilimwambia tutafika huko. Nikaziweka glavu juu ya kabati, nikatandika godoro sakafuni, nikamwambia, "Kwanza lete mkono nikushike."