Nani Atakaa Nawe Leba?

Mwezi huu namjibu dada mmoja wa hapa Uingereza, mwenye mimba ya miezi sita. Mama yake yuko Tanga, amenyimwa viza. Mumewe anafanya kazi za usiku. Dada anataka kumlipa doula, mumewe anauliza, "Mkunga wa NHS ni bure, huyu wa nini tena?"

Tuanze na tofauti. Mkunga ndiye anayekupima, anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kukuzalisha. Doula hapimi, hatoi dawa wala hazalishi. Kazi yake ni kukaa nawe: kukukanda mgongo, kukupa maji, kukutuliza, na kukusaidia kuuliza unapoambiwa jambo usilolielewa. Nyumbani kazi hiyo hufanywa na mama, shangazi au somo.

Je, ina faida? Ndiyo. Mapitio ya Cochrane ya 2017 yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokaliwa na mtu muda wote wa uchungu, wengi zaidi walijifungua kwa njia ya kawaida, wachache walipasuliwa, na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo. Mkunga wa zamu hawezi kukuahidi kukaa hivyo; huenda ana wazazi wengine, na zamu ikiisha anaondoka.

Kwa hiyo msianze kubishania pesa. Jibuni kwanza hili: uchungu ukianza saa nane usiku, nani atakaa nawe? Kama yupo wifi, au rafiki aliyekwisha kuzaa, anayeweza kuacha shughuli zake, huenda hamhitaji kulipa. Kama hayupo, doula si anasa.

Mkiamua kumchukua, jueni kuwa hapa Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita doula. Muulizeni amejifunza wapi, amekaa na wazazi wangapi, na akiugua nani atakuja badala yake. Malipo yaandikwe. Ulizieni pia wanaomalizia mafunzo. Wengi hutoza kidogo. Doula anayekukataza kwenda hospitali au kumsikiliza mkunga, mwacheni.

Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani wa hospitali mapema. Ni bure, na doula si mkalimani wako.

Nawe shemeji, doula hachukui nafasi yako. Akiwepo, utapata hata kula na kufumba macho kidogo.

Dada, Mungu akufungue salama. Tukutane mwezi ujao.