Disko toto, Nyege Nyege na disko vumbi: nini hufanya usiku wa muziki udumu?

Kila Idi au Krismasi ikikaribia, sisi watangazaji wa mikoani tunasoma tangazo lile lile: Jeshi la Polisi limepiga marufuku disko toto. Tukimaliza tu kusoma, ujumbe unaanza kuingia. Wazazi wengi wanaunga mkono. Vijana wanauliza: mbona kwetu muziki wa usiku unaonekana kosa, wakati majirani zetu Uganda wanacheza siku nne mfululizo na serikali yao inaruhusu?

Swali hilo ni la haki. Leo tunalijibu kwa kufuata historia ya usiku mmoja wa muziki ulioanza mdogo Kampala, ukapigwa marufuku zaidi ya mara moja, na bado haukufa.

Tusisahau Tabora

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto takriban 20 walifariki katika ukumbi wa disko mjini Tabora, hapo kwa jirani zetu. Kilichowaua si wimbo wala dansi. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikawa haba, watoto wakakanyagana. Tangu hapo, sikukuu zinapofika, polisi katika mikoa mingi hurudia katazo la disko toto. Anayelibeza katazo hilo hajui msiba ule ulivyoumiza.

Lakini katazo linatuambia cha kutofanya tu. Halituambii mkusanyiko salama unafananaje.

Muziki ulioanzia ghalani

Muziki unaopigwa kwenye madisko ya leo una chimbuko lake. Mwaka 1977, mjini Chicago, Marekani, ulifunguliwa ukumbi ulioitwa Warehouse, maana yake ghala. DJ wake alikuwa Frankie Knuckles, aliyepiga hapo hadi 1982. Waliofika wengi walikuwa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao wapenzi wa jinsia moja, watu waliokuwa wakikataliwa kwenye kumbi nyingine. Pombe haikuuzwa. Watu walikwenda kucheza mpaka asubuhi, na wiki iliyofuata wakarudi.

Wengi husimulia kwamba jina la muziki wa house lilitokana na jina la ukumbi huo. Muziki ukavuka bahari, ukafika Afrika Kusini, na huko ukachangia kuzaliwa kwa amapiano, hiyo inayolia leo kwenye bajaji zetu. Mwaka 2023 Jiji la Chicago lililitangaza jengo la Warehouse kuwa la kihistoria na la kulindwa. Mahali palipokuwa kimbilio la waliokataliwa sasa ni urithi wa jiji zima.

Usiku wa Kampala uliozaa tamasha

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wageni wawili wanaoishi Kampala, Derek Debru na Arlen Dilsizian, walianza kuandaa usiku wa muziki wa kielektroniki mjini humo. Walichanganya muziki wa house na midundo ya Kiafrika ambayo kumbi kubwa hazikuipiga. Mwaka 2015 usiku huo ukazaa tamasha huko Jinja, kando ya Mto Nile, linaloitwa Nyege Nyege.

Msikilizaji wetu, usishtuke. Kwa Kiswahili neno hilo lina maana ya tamaa ya mwili, lakini waandaaji wanasema kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kuinuka na kucheza. Hata hivyo jina hilo liliwapa wapinzani wao silaha.

Septemba 2018, siku chache kabla ya tamasha, Waziri wa Maadili wa Uganda wakati huo, Simon Lokodo, alilipiga marufuku akidai linaharibu maadili. Baada ya mazungumzo ndani ya serikali, likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka 2022 Bunge nalo likataka lisimamishwe. Haikupita muda Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu, tena kwa masharti. Upande mmoja ulizungumzia maadili, mwingine ukazungumzia watalii waliokwisha kulipa tiketi, hoteli, na wafanyabiashara wa Jinja.

Tunaona funzo hapo. Tamasha halikuokolewa na ukali wa vijana mitandaoni peke yake. Liliokolewa pia kwa kuwa na waandaaji wanaojulikana, mahali panapojulikana, na tarehe inayojulikana. Serikali ilipata mtu wa kukaa naye mezani, kumpa masharti, na kumdai ayatimize.

Faida iliyofika Tanzania

Watanzania nao wamenufaika. Lebo ya waandaaji hao, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mwaka 2017 mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, huko Mburahati, Dar es Salaam. Singeli ni mbio: midundo yake hupita 200 kwa dakika, wakati house huenda kwenye 120 hivi. Muziki uliodharauliwa kuwa ni wa vigodoro ukapata jukwaa, na vijana wa uswahilini wakapanda ndege kwenda kuupiga Ulaya.

Na sisi huku?

Hapa Singida tuna disko vumbi. Alizeti ikishauzwa na hela ikiwa mkononi, linakuja jenereta, spika na turubai la kuzungushia uwanja. Vijana wanafurahi, mama lishe wanauza, asubuhi mwenye spika keshaondoka. Kukitokea ugomvi, binti akadhalilishwa, au mtoto akaumia, unamtafuta nani?

Hilo ndilo tatizo letu hasa, kuliko midundo yenyewe. Kwa hiyo kabla serikali ya kijiji haijakubali au kukataa, tunashauri iulize maswali machache. Mwandaaji ni nani, na anapatikana wapi kesho yake? Ana kibali? Turubai lina milango mingapi ya kutokea? Nani anahesabu wanaoingia, na atasimamisha wakifika wangapi? Nani anahakikisha watoto hawaingii usiku? Muziki unazimwa saa ngapi ili wagonjwa na wazee walale?

Mwandaaji akiwa na majibu, kijiji kina mtu wa kushirikiana naye, na mwakani anaweza kurudi. Asipokuwa nayo, wazee wakimkatalia wasiitwe wakoloni. Watoto wa Tabora waliingia ukumbini siku ya sikukuu wakiwa wamevaa nguo mpya. Angalau tuwahesabu wanaopita mlangoni.